Mwambie Mama Sikununa

11 Machi

Kaka,

Salamu nitaziweka chini. Sasa hivi nina hasira, na nikingoja ipoe sitaiandika tena vizuri.

Jana walitukusanya ukumbini, sisi wa chumba cha simu pamoja na wenzetu wa magari ya wagonjwa, wakatuletea mtaalamu wa ustahimilivu. Ndivyo alivyojitambulisha. Shati jeupe, viatu havijawahi kuonja tope. Akasema tufumbe macho, tupumue kwa kuhesabu hadi nne. Tukapumua. Akasema tupumue tena. Kufika saa sita tulikuwa tumeshampa jina: Bwana Pumua. Akagawa vipira vya kufinya mkononi, kisha akachora mwanzi ubaoni, akatueleza kwamba mwanzi hupinda lakini hauvunjiki. Mama Redio, yule mkongwe wa kiti cha jirani yangu, akanyoosha mkono: “Mtaalamu, na mwanzi ukiangukiwa na ghorofa?”

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Ndiyo, ni kuhusu ghorofa lile, najua umesikia kwenye taarifa ya habari. Tarehe 18 mwezi uliopita, asubuhi, jengo la ghorofa tatu pale sokoni lilikaa chini kama mtu aliyechoka. Walikufa watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa zamu, napokea simu za dharura kama siku zote. Mimi ni mzima, usianze.

Kilichonichefua ni fomu waliyotugawia mwishoni, kabla ya soda. “Nathibitisha kwamba nimepata msaada wa kisaikolojia. Akili yangu ni timamu kwa kazi. Sitazungumza na ndugu wa marehemu wala mtu yeyote wa nje kuhusu tukio la tarehe 18.” Sentensi tatu. Ya kwanza uongo, ya pili sijui, ya tatu ndiyo waliyoitaka tangu mwanzo. Hizo mbili ni za kuisindikiza.

Mkuu ametupa hadi mwisho wa Aprili. Wewe una miaka kumi na miwili zimamoto, hawa watu unawajua. Nitie sahihi?

Usinipigie. Simu yangu betri imekufa. Niandikie kwa posta.

Wasalimie wifi na watoto.

Mdogo wako

*

19 Machi

Kengele,

Hilo jina hukupewa bure. Tangu mtoto, ukiguswa kidogo mtaa mzima unasikia.

Tia sahihi. Karatasi ni karatasi. Kazi yetu haina nafasi ya mtu wa kuchunguza moyo wake kila jioni kama anayetafuta chawa. Unafanya, unanawa, unalala, kesho unarudi. Juzi tu tumezima ghala la magodoro. Moshi mweusi, huoni kidole chako. Nikatoka, nikanywa maji, nikarudi ndani. Hakuna aliyenishika mkono kunifundisha kupumua.

Jikaze. Wewe unakaa kwenye kiti, juu yako feni inazunguka. Sisemi kazi yako ni ndogo, ila usiikuze. Na Mkuu wako usimtunishie misuli, jina letu linajulikana kwenye kazi hizi na mimi nimelilinda kwa muda mrefu.

Wifi yako hajambo. Nunua betri.

Kaka yako

*

27 Machi

Kaka,

Betri haijafa. Simu niliizima mwenyewe, nikaifungia kabatini chini ya mashuka, kwa sababu ikilia naingiwa na baridi kuanzia kwenye magego hadi kwenye magoti. Kazini napona kwa kuwa simu zetu hazilii, inawaka taa tu. Basi, sasa unajua. Na kwa kuwa umesema nakaa kwenye kiti chini ya feni, ngoja nikueleze kiti hicho.

Saa nne na dakika kumi na mbili taa yangu iliwaka. Mwanamke. Sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akasema yeye ni fundi cherehani, duka lake lilikuwa chini upande wa kushoto, na sasa yuko chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, juu ya meza kuna nguzo, na miguu haisikii. Nilikaa naye dakika arobaini na moja. Sikio la kulia yeye, sikio la kushoto redio ya watu wa uokoaji. Walikuwa hatua ishirini kutoka alipo. Hatua ishirini, kaka! Walimsikia akigonga kwa mkasi wake. Kati yao na yeye palikuwa na nondo, na mashine ya kukatia nondo ilikuwa karakana tangu Novemba, imebandikwa karatasi: “Inasubiri kipuri.” Ikabidi waazime ya kituo kingine. Ilifika saa tano na nusu.

Mimi nikawa namwambia wanakuja. Wanakuja, dada, wanakuja. Mkuu alinisikilizisha rekodi ofisini kwake baadaye, mlango umefungwa. Nilihesabu. Nilimwambia wanakuja mara thelathini na sita. Rekodi ilipoisha Mkuu akaniambia, “Uliongea vizuri sana.” Nilitamani kumrushia hicho kirekodi usoni.

Sijamaliza. Kwenye dakika kama ya thelathini yule fundi akaniuliza, “Dada, wewe una mama?” Nikamwambia alishafariki. Akasema, “Pole. Mimi wangu yupo. Tuligombana asubuhi, kisa beseni la maji machafu sikulimwaga. Nikatoka bila kuaga. Mwambie mama sikununa. Mlango ulibamizwa na upepo.” Nikamwambia utamwambia mwenyewe. Akasema, “Sawa. Lakini na wewe mwambie.”

Nilimwomba Mkuu ruhusa ya kwenda kwa huyo mama. Anwani ninayo, aliitaja mwenyewe. Mkuu akasema nikienda ni sawa na kukiri kwamba kikosi kilikosea, na mawakili watatula wabichi. Sasa soma tena sentensi ya tatu ya ile fomu. Ndiyo hiyo. Wanataka nimeze maneno ya marehemu, na wameniletea Bwana Pumua anishikie glasi ya maji.

Ukiniandikia “jikaze” mara nyingine, barua hiyo naichoma bila kuifungua.

Mdogo wako

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimesoma. Ulifanya kazi yako, na aliyekufa hakufa kwa sababu yako.

Lakini kwa huyo mama usiende. Ukishaanza kuwafuata watu majumbani kwao hutamaliza. Leo mmoja, kesho kumi. Kila mtu wa kazi hii ana sauti zinazombishia mlango. Mimi ninazo nyingi. Sizifungulii, zinachoka, zinaondoka.

Tia sahihi, rudi kwenye kiti chako. Wiki hii tumeitwa mara tatu, sina nafasi ya barua ndefu.

Kaka yako

*

6 Aprili

Wifi yangu,

Barua yako ya tarehe 27 nimeikuta mfukoni mwa shati nikifua. Sikuombi radhi kwa kuisoma. Ndani ya nyumba hii anayefua ndiye anayejua mambo.

Nimekupigia mara nyingi nikidhani umetukasirikia. Kumbe simu iko chini ya mashuka. Pole, mwenzangu. Pole kwa yule dada pia.

Sasa nikuambie jambo, nalo ukilisoma kaa kwanza. Kaka yako hajazima hata kibiriti tangu Septemba.

Kila asubuhi anaamka, anavaa sare, anang'arisha viatu, anawaaga watoto. Halafu anakwenda kituo kikuu cha mabasi, anakaa kwenye benchi nyuma ya madirisha ya tiketi, mpaka saa kumi. Jirani ndiye aliyeniambia. Sikumwamini, nikaenda mwenyewe. Nilimwona amekaa wima kama anangoja kuitwa, kofia juu ya paja. Nikarudi nyumbani kimyakimya nikapika.

Lakini hata jirani asingesema ningejua. Miaka kumi na miwili nimefua moshi, wifi. Nimeloweka nguo mara mbili, mara tatu, maji yanatoka meusi. Sasa nafua sare inayonuka sabuni ya jana. Anadhani mimi sina pua?

Nilinyamaza nikisema atasema mwenyewe. Miezi saba. Usiku hageuki kitandani, amelala kama ubao, macho wazi. Mwanangu mdogo akiunguza mkate, baba mtu anatoka nje na harudi saa nzima. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nimechoka kukaa nikingoja hicho kilio. Nilipoona anakuandikia eti wameitwa mara tatu, nikasema hapana. Kujidanganya mwenyewe ni shauri lake, kukuumiza wewe si shauri lake.

Mimi nikimkabili ataondoka. Namjua. Wewe ni damu yake, huwezi kuachwa. Kama hasira zako zinatafuta kazi, zilete huku.

Wifi yako

*

12 Aprili

Kaka,

Lile ghala la magodoro ulilizima ukiwa benchi ipi? Ya mbele au ya nyuma ya madirisha ya tiketi?

Nyani haoni kundule! Mimi nimekuwa nikijifungia chooni kazini, nalia nimeuma leso, nisije nikalichafua jina letu ulilolilinda kwa muda mrefu. Nikilala nasema, kaka yangu anaingia kwenye moshi mweusi na kutoka na kurudi, mimi nimeshindwa na mlio wa simu. Nilijiona mdudu. Umeniacha nijione mdudu, na huku unajua! Unajua vilevile ninavyojua mimi, pengine zaidi!

Sikiliza. Sijakasirishwa na benchi. Ungekaa kwenye benchi miaka kumi ningekuletea mto. Nimekasirika kwa sababu nilikuuliza swali la kweli, la kwanza la kweli nililowahi kukuuliza tangu tumzike mama, ukanijibu kwa sauti ya Mkuu wangu. Neno kwa neno. Umebakiza kunitumia kipira.

Na wifi usithubutu kumgombeza. Mtu amefua uongo wako miezi saba bila kupandisha sauti, ustahimilivu ni huo, si ule wa ubaoni.

Usinijibu kama huna la kweli.

Mdogo wako

*

25 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea pale pale kwenye benchi. Niliichana. Halafu nikainama kuokota vipande, mfagiaji wa kituo akanisaidia, akadhani ni tiketi.

Nilikukasirikia. Wifi yako nilimkasirikia zaidi, siku mbili sikumsemesha. Siku ya tatu akaniwekea sahani mezani, akasema, “Ukimaliza kununa, vyombo ni vyako.” Nikaosha vyombo. Nilipokuwa naosha nikaanza kusema, nimempa mgongo. Nilisema hadi maji yakapoa.

Na wewe nakwambia. Septemba, saa nane mchana, nyumba ya kupangisha, moto umeanzia jikoni ghorofa ya juu. Kuna mzee ndani. Mimi niko mbele na mpira wa maji, nyuma yangu yule mwenzangu tunayemwita Kifupi kwa kuwa anainama kila mlangoni. Nimefika ngazi ya tano. Miguu ikagoma. Usidhani ni woga, woga naujua, nimefanya nao kazi miaka yote hii. Hii ilikuwa kama mtu amezima umeme kiunoni. Nasikia mzee anakohoa juu, na mimi nimesimama kama sanamu, nimeziba njia. Kifupi akanivuta kando, akachukua mpira, akapanda. Mzee alitoka mzima. Kifupi aliungua mikono yote miwili.

Wakanipeleka kwa Bwana Pumua wa huku. Inaonekana kila mji una wake. Fomu ilikuwa fupi kuliko yenu, nami niliitia sahihi: niko timamu. Wiki iliyofuata tukaitwa, gari likafika, wenzangu wakashuka, mimi nikashindwa kufungua mkanda. Ndipo Mkuu akanipa likizo isiyo na tarehe ya kurudi, akaniambia nisiseme sana ili vijana wasivunjike moyo. Sikusema. Nilitii. Nilikwambia utie sahihi kwa sababu mimi nilitia, na kama ungekataa, basi ingemaanisha kwamba hata mimi ningeweza kukataa. Hilo ndilo sikutaka kulijua.

Jumamosi nilikwenda kwa Kifupi. Miezi saba sikuwahi kukanyaga. Alinifungulia mlango kwa kiwiko. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza: “Mikono ndiyo iliyoungua, masikio hayakuungua. Ungekuja hata kunisalimia, mshenzi wewe!” Alinitukana kwa nusu saa, bila kurudia tusi. Alipochoka akaniambia nimfunge kamba za viatu, twende nje. Tulizunguka uwanja wa mpira mara nne. Haikuwa suluhu, usije ukaiandika hivyo kichwani. Bado ana hasira, ila sasa ana hasira na mimi nikiwepo.

Jumatatu sikuvaa sare. Watoto wakaniuliza, “Baba, unaumwa?” Nikasema ndiyo.

Nimeanza kwenda kwa daktari wa maradhi ya akili, hospitali kuu, kila Jumatano. Mwanamke mkali. Ananiuliza jambo, nikipiga chenga analiuliza tena. Hajanipa kipira.

Kuhusu fomu: usitie sahihi. Kuhusu mama wa yule fundi sikwambii nenda wala usiende. Haki ya kukuamuru niliiacha pale kwenye benchi.

Kaka yako

*

9 Mei

Kaka,

Yako niliipata. Niliisoma mara moja tu, ilinitosha. Nina hasira na wewe bado, kiasi, lakini nitakuja nayo mwenyewe mwezi ujao tuimalizie mezani.

Tarehe 30 Mkuu alipita kukusanya fomu. Tuko kumi na wanne chumba cha simu. Nilidhani nitakuwa peke yangu, kwa hiyo nilikuwa nimeshajiandaa kwa maneno marefu. Mama Redio akanitangulia. Fomu yake aliiandika kwa kalamu nyekundu kutoka kona hadi kona: NITAZUNGUMZA. Akaiweka juu ya meza ya Mkuu, akarudi kukaa, akapokea simu. Tisa kati yetu hatukutia sahihi. Mkuu akaniita mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye rekodi, akaniuliza nani ananichochea. Nikamwambia, “Fundi cherehani.” Nikapewa barua ya kusimamishwa kazi hadi kamati ikae. Mama Redio na wale wengine wameandika kwamba kamati ikikaa nao wataingia, na watakuja na daftari la karakana. Sijui itakuwaje. Huenda nikafukuzwa.

Jana nilikwenda.

Nyumba ya matofali, mlango wa mbao wenye kioo kidogo juu. Mama mfupi, mwembamba, kitambaa cha vyombo begani. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa naongea na binti yake kwenye simu. Hakunikaribisha. Nikasimama pale pale kizingitini nikasema niliyoagizwa, bila kuongeza: mwambie mama sikununa, mlango ulibamizwa na upepo.

Alinizaba kofi, kaka. Sikio likawaka.

“Siku sabini na tisa!” akasema. “Siku sabini na tisa nalala nikijua mwanangu kafa kaninunia! Na wewe ulikuwa nayo mdomoni?”

“Nilikatazwa, mama.”

“Na nani?”

“Na Mkuu wangu.”

“Yeye hana mama?”

Akaniacha mlangoni akaingia ndani, nikadhani yamekwisha, nikageuka. Akaniita kwa ukali: “Unakwenda wapi? Kaa!” Nikakaa. Akasema, “Rudia.” Nikarudia. Akasema, “Si hivyo, sema alivyosema yeye.” Nikasema kwa sauti ya chini, kama alivyosema. Mara ya tatu, mara ya nne. Mara ya tano akaanza kucheka, cheko baya la mtu aliyekabwa.

“Muongo mkubwa,” akasema. “Siku ile hapakuwa na upepo. Nguo zangu zilikuwa kwenye kamba, hakuna hata iliyotikisika. Mlango aliubamiza mwenyewe, kwa nguvu zake zote, ona!” Akanionyesha kile kioo. Kina ufa kutoka juu hadi chini. “Amelaliwa na nguzo, na bado anakaa kunitungia uongo nisije nikaumia.” Akajifunika uso kwa kile kitambaa cha vyombo, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu Februari, nililia mbele ya mtu.

Baadaye akataka yote. Nilimpa yote. Hatua ishirini, mkasi, mashine, karatasi ya kipuri, mara thelathini na sita. Sikupunguza. Aliuliza tarehe ya kamati, akaiandika nyuma ya kalenda, akaniuliza ofisi iko barabara gani na kama walinzi wa pale ni wakorofi. Nikasema kidogo. Akasema vizuri.

Aliponisindikiza nikamwomba msamaha, kwa kuchelewa na kwa mengine yote. Akanitazama, macho mekundu, uso mkavu.

“Sijakusamehe,” akasema. “Njoo Alhamisi.”

Akafunga mlango. Taratibu.

Nitakwenda.

Mdogo wako